MVITA YA MIAKA YA HAMSINI: URAHISI ULIKUWA WAPI?

Hapana baraza la Mji wa Kale, iwe ni Kibokoni, Kuze au Ndia Kuu, ambapo mazungumzo ya baada ya Alasiri humalizika bila ya mtu mmoja kushusha pumzi na kusema kwamba zamani vitu vilikuwa rahisi. Wazee hutikisa vichwa kukubali, vijana hutazamana, na mwuza kahawa hugonganisha vikombe vyake akapita. Na ukiuliza ni zamani ipi hiyo, mara nyingi utaelekezwa kwenye miaka ya mwisho ya hamsini, tangu 1955 hadi 1960 hivi, wakati bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilipokuwa ikipepea juu ya ngome ya Fort Jesus, na Liwali akiwa ni Sir Mbarak Ali Hinawy.

Neno hilo limesemwa sana hata limekuwa kama methali, na methali huwa haiulizwi ushahidi. Leo, msomaji mpenzi, tuiulize. Je, Mvita ya wakati ule ilikuwa rahisi kweli? Na kama ilikuwa rahisi, ilikuwa rahisi kwa nani, na urahisi wenyewe ulikaa wapi? Suala hili si la kupitisha wakati tu. Kijana wa leo anayehangaika na kodi ya nyumba na bei ya unga huambiwa kila siku kwamba amechelewa kuzaliwa, na kwamba neema ilikwisha kabla yake. Mtu akiambiwa hivyo, ama hukata tamaa, ama huwadharau wanaomwambia. Yote mawili ni hasara kwa mji.

SENTI YENYE TUNDU

Tuanze na ushahidi wa wazee, maana nao wana haki yao. Fedha ya wakati ule ilikuwa ni shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni 1 ya Kiingereza. Chini ya shilingi palikuwa na senti 50, iliyoitwa thumuni, kisha senti 10, senti 5 na senti 1, zote tatu zikiwa na tundu katikati, hata mtu akitaka aweza kuzitunga uzini kama shanga. Ile ya senti 10 ilichorwa pembe za ndovu zilizolizunguka tundu. Shilingi yenyewe, ya simba na milima, ilifuliwa mara ya mwisho mwaka 1952 ikiwa na sura ya Mfalme George wa Sita, ikaendelea kuzunguka mikononi mwa watu miaka mingi baada ya yeye kufa. Sura ya binti yake, Malkia Elizabeth, ilionekana katika thumuni.

Hesabu za kale nazo zilikuwa hazijatoka midomoni. Rupia iliondolewa mwaka 1920, lakini walikuwako watu wazima waliozihesabu shilingi 2 kuwa ni rupia moja. Hata neno thumuni ni la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane, nalo ni ukumbusho wa fedha iliyotangulia hiyo.

Jambo la kulishika hapa ni ile senti 1. Sarafu hiyo iliendelea kufuliwa mpaka mwanzo wa miaka ya sitini. Serikali haipotezi shaba yake kwa kufua sarafu isiyonunua kitu. Ikiwa senti moja ilikuwa na kazi mfukoni, basi vilikuwako vitu vilivyouzwa kwa hesabu ya senti, na chakula cha asubuhi cha mtu wa Mvita, mahamri kwa mbaazi na kikombe cha chai, kilikuwa katika hesabu hiyo. Hapa wazee hawakusema uwongo.

Vipimo navyo vilimfaa mwenye kipato kidogo. Nafaka ilipimwa kwa pishi, na pishi ni vibaba 4. Asiyeweza kununua pishi alinunua kisaga, ambacho ni vibaba 2, na asiyeweza kisaga alichukua kibaba akaenda zake bila ya kuona haya. Mwenye uwezo alinunua kwa frasila, yaani ratili 35. Na aliyekuwa hana kitu kabisa siku hiyo alikuwa na daftari la mwenye duka. Muhindi wa pembeni mwa mtaa alimjua baba, alimjua na babu, akaandika deni, akangoja mwisho wa mwezi.

Tena bei zilifuata pepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia mwezi wa Disemba, majahazi ya Arabuni na Ghuba yalitia nanga Bandari ya Kale yakiwa na tende, chumvi, mazulia na samaki wakavu, na kwa miezi kadhaa pwani ya mji ikawa ni soko na tamasha kwa pamoja. Kusi ikianza, yalirudi na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za huku kwetu. Mama wa nyumba aliyejua mambo hakununua tende ya mwaka mzima kabla ya jahazi la kwanza kuingia.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Lakini bei ni upande mmoja tu wa mizani. Mwenye duka hapimi mchele kwa kutazama mchele peke yake. Hutazama na jiwe lililo upande wa pili. Na jiwe la bei ni ujira.

Mwaka 1954 kamati iliyowekwa na serikali ya kikoloni, ikiongozwa na Bwana Carpenter, ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika. Ilikuta kwamba kama nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na watu binafsi walilipwa mshahara usiotosha hata mahitaji ya lazima. Nusu nzima! Na maneno hayo hayakutoka kwa wapinzani wa serikali. Yalitoka kwa kamati ya serikali yenyewe. Basi senti ilikuwa na nguvu, ndiyo, lakini wengi walikuwa nazo chache mno.

Nenda Kilindini ukauone ukweli huu. Wachukuzi wa bandarini wengi walikuwa vibarua wa zamu. Meli ikiwapo, kazi ipo. Meli isipokuwapo, mtu hurudi nyumbani mikono mitupu. Walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 1939. Januari 1947 wafanyakazi wa mji karibu wote waliacha kazi, na Mombasa ikasimama. Kisha Machi 1955, katika hiyo hiyo miaka inayosifiwa, makuli wa bandari waligoma tena kwa maelfu. Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akashuka kutoka Nairobi kuja kuwatuliza na kuwasemea. Jambo likapelekwa mbele ya baraza la usuluhishi, na uamuzi ukawa ni nyongeza ya asilimia 33. Maana yake, kwa kila shilingi 3 aliyokuwa akipata kuli, aliongezwa shilingi 1.

Tulifikiri vizuri jambo hili. Mwajiri hatoi nyongeza ya theluthi nzima kwa watu ambao maisha yao ni rahisi. Nyongeza kubwa namna hiyo ni ushahidi wa upungufu mkubwa uliokuwako kabla yake. Tena tusisahau kwamba katika zama hizo ujira wa mtu ulipimwa kwa rangi yake na kabila lake kabla ya kupimwa kwa kazi yake. Mzungu alikuwa na daraja yake, Muhindi yake, Mwarabu yake, na Mwafrika akawekwa chini. Aliyekaa juu ya ngazi hiyo aweza kukumbuka urahisi. Aliyekaa chini yake hukumbuka mgongo.

MAJI KABLA YA MZIMA

Kuna na gharama ambayo haikuandikwa katika daftari lolote. Kisiwa chetu kimezungukwa na maji, lakini ya kunywa yalikuwa ni shida tangu zamani. Visima vilikuwako, na birika za misikitini, na maji ya bomba yaliyotoka Marere katika vilima vya Shimba, lakini mji ulikuwa ukikua na maji hayakutosha. Nyumba nyingi zilimtegemea mchukuzi wa maji, naye alikuja na mzegazega, madebe mawili yakining'inia kwenye mti begani. Kila debe lilikuwa na galani 4, akapanda nayo ngazi za ghorofa katika vichochoro vyembamba ambamo watu wawili wakikutana mmoja hubana ukutani.

Bomba la chemchemi za Mzima, lililochimbiwa ardhini kwa masafa yapatayo kilomita 200 na zaidi kutoka Tsavo, lilikamilishwa mwaka 1957. Katika habari zote za miaka ile, hii huenda ndiyo iliyomgusa zaidi mwanamke wa nyumbani, ijapokuwa haikuzungumzwa sana barazani, kwa sababu wanaokaa barazani sio wanaofua.

GAZETI MOJA, MASIKIO MENGI

Ama kuhusu habari, hapo ndipo urahisi wa kweli unapoanza kuonekana. Kwa Kiingereza palikuwa na Mombasa Times. Kwa Kiswahili palikuwa na Baraza, lililokuwa likichapishwa Nairobi kila wiki tangu 1939, na mwaka 1958 likatokea Taifa, ambalo mwaka 1960 liligeuka Taifa Leo la kila siku. Lakini hesabu ya magazeti yaliyouzwa haikuonyesha hesabu ya waliopata habari. Nakala moja ilinunuliwa na mmoja, ikasomwa kwa sauti na mwingine, ikasikilizwa na kumi, ikabishiwa na ishirini. Asiyejua herufi za Kizungu, aliyesoma chuoni tu kwa herufi za Kiarabu, hakukosa kitu. Alikaa akasikiliza, na pengine maoni yake yakawa ndiyo yenye uzito zaidi.

Radio nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa ni sanduku kubwa, ghali, si la kila nyumba. Mkahawa uliokuwa nayo ulijaa. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na miongoni mwa sauti zilizojulikana alikuwa Mzanzibari Ahmed Rashad Ali. Julai 1956 Gamal Abdel Nasser alipoutaifisha mfereji wa Suez, na mwisho wa Oktoba mwaka huo Israeli, kisha Uingereza na Ufaransa, zilipoishambulia Misri, mkahawa wa Mvita ulikuwa ni bunge. Wakubwa hawakupendezwa na habari hizo za Cairo. Mombasa yenyewe ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita, kilichotangaza kwa lugha na ladha ya hapa hapa. Basi mtu aliyeketi na kikombe kimoja cha kahawa chungu aliweza kuusikia ulimwengu kwa pande mbili, akapima mwenyewe.

Na ya kupima hayakuwa machache. Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wa kwanza wa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na kiti cha Pwani akakipata Ronald Ngala. Mwaka 1958 Fort Jesus iliacha kuwa jela, na mwaka 1960, baada ya kutengenezwa chini ya uangalizi wa James Kirkman kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian, ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 1959 alifariki Sir Mbarak, na Oktoba 1960 akafariki Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911. Mwenyezi Mungu awarehemu. Watu wengi mjini walikuwa hawajapata kumjua Sultani mwingine. Barazani ilianza kuulizwa, kwa sauti ya chini, bendera ile nyekundu itakaa mpaka lini. Jawabu likaja Disemba 1963.

SINEMA, TAARAB NA LELEMAMA

Tukija kwenye starehe, twaona jambo lile lile. Majumba ya sinema kama Regal, Majestic na Naaz yalikuwa ni mahali ambapo makabila yote ya mji yaliketi chini ya paa moja, ijapokuwa si katika viti vya bei moja. Filamu za Kihindi ndizo zilizotawala. Nagin ya 1954 na Mother India ya 1957 zilitoka Bombay zikaingia katika vinywa vya watu ambao hawakujua neno moja la Kihindi. Wanawake waliokaa mvunguni mwa buibui walikuwa na maonyesho yao peke yao, yaliyoitwa zanana, na waliyoyaona huko yalisimuliwa nyumbani kwa wiki nzima kwa wale wasiokwenda. Tikiti moja ilitazamisha watu kumi.

Nyimbo za filamu hizo hazikuishia sinema. Mafundi wa taarab walizisikiliza, wakachukua mahadhi, wakayatilia mashairi ya Kimvita yenye vina na mizani yake. Aliyekuja kuwa bingwa wa njia hiyo ni marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa 1942 na kufariki 2014. Katika miaka tunayoizungumza alikuwa bado kijana wa makamo ya shule. Nduguye, Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliyekuja kuandika Malenga wa Mvita, ndiye aliyetunga mengi ya mashairi aliyoyaimba. Wengine walipenda mtindo wa Misri, na walioweza kuinasa Cairo usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi walimsikiliza Umm Kulthum mpaka usiku mkubwa.

Na taarab ya harusi haikuwa na tikiti. Mwenye harusi alilipa, mtaa mzima ukafurahi. Wanawake walikuwa na lelemama zao, na vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa mafumbo. Hapa lakini lazima tuseme na ubaya wake. Ushindani huo uliwatia watu madeni. Kanga za sare hazikununuliwa kwa doti moja. Zilinunuliwa kwa korija, na korija ni 20. Pete na mikufu iliwekwa rehani kwa ajili ya usiku mmoja. Mashekhe walilikemea jambo hili tangu zamani. Na mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini wanawake wenyewe wa mji walianza kuunda vyama vya namna nyingine, vya elimu na ustawi, wakaona kwamba nguvu ya kukusanya watu mia kwa ngoma yaweza pia kukusanya watu mia kwa kusoma.

MIZANI IMESEMAJE?

Tukiweka yote haya pamoja, jawabu ni hili. Vitu vilikuwa na bei ndogo, na fedha ilikuwa ndogo zaidi. Kwa kuli wa Kilindini, kwa mchukuzi wa maji, kwa mtumishi wa nyumbani, miaka ile ilikuwa ni ya shida kama hii yetu, na pengine zaidi. Anayesema kwamba watu waliishi raha kwa sababu mahamri yaliuzwa kwa senti, amesahau kumuuliza aliyeitafuta senti hiyo.

Lakini wazee hawaoti. Kuna kitu walikuwa nacho, nao hukiita bei kwa kukosa jina lingine. Gazeti lilikuwa moja, likatosha mtaa. Radio ilikuwa moja, ikatosha mkahawa. Harusi ilikuwa ya mmoja, ikawa ya wote. Deni liliandikwa kwa imani. Gharama ya maisha ilikuwa imegawanywa juu ya mabega mengi, na mzigo uliogawanywa humdanganya mchukuzi akadhani ni mwepesi. Leo kila mtu ana habari zake, nyimbo zake na sinema yake katika kiganja cha mkono wake, na kila mmoja hulipia vyake peke yake. Majumba mengi ya sinema yamefungwa, na sarafu ndogo kabisa unayoiona mikononi mwa watu ni shilingi. Bei ya 1957 hairudi, hata tukiilia mpaka asubuhi.

Nami, kwa kuwa mtu wa mashairi haachi desturi yake, nimeifunga hesabu hii kwa ubeti mmoja:

Senti haina thamani, ikikaa peke yake,
Changanya na ya jirani, kibaba kiongezeke,
Tule pamwe siniani, mgeni asiondoke,
Urahisi wa zamani, si bei bali ni watu.

Tena liko jambo moja la miaka ile ambalo halijafa, nalo ni upatu. Mpaka leo, katika nyumba za Mji wa Kale na hata za ng'ambo ya Likoni na Nyali, wanawake hukusanya fedha kila wiki au kila mwezi, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Fedha zenyewe siku hizi hupelekwa kwa simu, lakini mkataba ni ule ule, yaani amana, bila ya hati wala wakili. Kwa upatu watoto wameingizwa shule, paa zimeezekwa, na maiti zimesitiriwa. Kijana anayeambiwa kwamba amechelewa kuzaliwa na akwambie, mjomba, nifundishe mlivyochangiana, usinifundishe mlivyonunua. Na mzee atakapokaa barazani kesho baada ya Alasiri, aanze na hilo.